Koti la Kituoni

Ukipita kituo cha majani ya chai kilicho chini kidogo ya soko la Roret siku ya kupima, hata jua liwe kali namna gani, utawakuta wanawake kwenye foleni wamevaa makoti. Si sweta, si leso. Makoti ya wanaume, mazito, yanayofika magotini, mengine hayana vifungo na yamefungwa kwa kamba ya gunia. Mgeni akiuliza ataambiwa ni baridi ya asubuhi, na wenyewe watatazamana na kucheka. Baridi gani hiyo ya saa nane mchana? Koti ni kwa ajili ya karani. Karani wa mizani ana mkono usiotulia, na aliyekuwapo kabla yake alikuwa vivyo hivyo. Mwanamke akiinama kutundika gunia kwenye ndoano, mkono unampitia mgongoni, unashuka. Koti la mzee likiwa katikati, mkono haupati kitu. Ukilalamika, majani yako ghafla yanakuwa makuukuu, yanarudishwa, unayabeba tena mpaka nyumbani yakiwa yameshaanza kuwa mekundu kwa joto. Basi wanavaa makoti, tena hawasogei kwenye mizani peke yao. Mmoja anatundika, mwenzake anasimama nyuma yake. Hakuna aliyefundishwa jambo hili mkutanoni. Unamwona mama yako akifanya, nawe unafanya.

Jerusa alikuwa akivaa la mumewe Aron, koti jeusi la mitumba lenye mifuko mirefu, na alilivaa tangu alipoolewa na kuanza kupeleka majani. Alikuwa amelivaa mwezi wa kwanza, vumbi limejaa barabarani, amesimama foleni, wakati simu ilipolia. Alikuwa binti yake, Winny, aliyekuwa mwaka wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Chemosiro. Winny ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu katika boma lao, na Jerusa alijivunia jambo hilo bila aibu yoyote. Ungekutana naye njiani ukamsalimu tu habari ya ng'ombe, angekujibu ng'ombe mzima na Winny anaendelea vizuri na masomo.

"Mama, uko na nafasi?" Winny aliuliza.

"Niko kwa foleni ya majani. Sema."

Winny alisema, lakini kwa kuzungukazunguka, na mama yake alilazimika kuziba sikio la pili kwa kidole ili asikie. Habari ilikuwa ya Daktari Kimeli, mwalimu anayesimamia utafiti wake. Akimrudishia kazi anamshika mkono na hauachi. Anamwambia amependeza, kisha anamwambia asiende kusema nyumbani. Ameanza kumwita ofisini jioni, watu wakishaondoka. Jana yake alimshika kiunoni, eti anampisha mlangoni, na mkono ukabaki palepale.

"Amekufanya kitu?" Jerusa aliuliza.

"Kitu gani, mama?"

"Si unajua mwenyewe."

"Hapana. Hicho hapana."

"Basi tumshukuru Mungu. Sasa sikiliza. Nitakutumia koti la babako. Ukienda kwake, vaa hilo na ufunge vifungo vyote. Na usiende peke yako, enda na Velma."

Foleni ilisogea, karani akaita jina la Jerusa, na ndipo Winny alipojibu, "Sawa, mama." Jumapili iliyofuata Velma Bosibori alipitia nyumbani kulichukua. Velma alikaa chumba kimoja na Winny chuoni, na wazazi wake, waliotoka upande wa Kisii kitambo, walikuwa na duka la mbolea pale Roret. Alilikunja koti, akalitia kwenye mfuko wake pamoja na maparachichi, akaondoka. Jerusa akanunua lingine sokoni.

Wewe unayesoma usimkasirikie haraka. Alimpa mtoto wake kitu kilichomkinga yeye mwenyewe maisha yake yote, na alikitoa kwa moyo. Usiku ule alilala usingizi mzito wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Tena Kimeli hakuwa mgeni kwao, na hapo ndipo kosa lenyewe lilipoanzia. Alizaliwa huko Sigor, lakini alikuwa wa ukoo wa Aron, rika lake hasa, na kwa Wakipsigis mwanaume wa ukoo wenu aliye rika la baba yako ni baba yako. Hawezi kukuoa. Hata mzaha wa mambo hayo hawezi kukufanyia. Mama wa kwetu akimpeleka binti mahali pa ugeni, swali la kwanza analouliza si kama kuna maji au umeme. Anauliza kama kuna mtu wa ukoo. Akiambiwa yuko, anapumua. Kwa hivyo siku ya kumuaga Winny kwenda chuo, Kimeli aliketishwa mbele karibu na Aron, akanyweshwa mursik, maziwa lala ya kibuyu kilichotunzwa kwa ajili ya siku kama hiyo, na mbele ya watu wote Jerusa aliuchukua mkono wa Winny akauweka ndani ya mkono wake. "Shemeji," alisema, "huyu ni mtoto wako. Akikosa umrudi, akilia umsikilize." Watu walipiga makofi. Kimeli alitikisa kichwa kwa unyenyekevu, na akina mama wakasema huyo ndiye msomi anayejua kwao.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimerudi na majani yakichipuka kwa fujo, Kimeli mwenyewe alimpigia Jerusa simu. Aliongea kwa adabu, kama kawaida yake. Aliuliza ng'ombe aje, akauliza mzee aje.

"Shemeji, huyu mtoto wetu amenishtaki," alisema. "Amefeli utafiti wake, sasa anasema nilikuwa namsumbua kimapenzi. Hakusema kabla, anasema leo baada ya kufeli. Nimewaambia kamati huyo ni binti yangu, mama yake aliniwekea mkononi mbele ya watu. Nimekuandikisha shahidi. Wewe uje useme ukweli tu, shemeji. Ukweli tu."

Jerusa alimpigia Winny papo hapo. Winny alikubali kwamba ni kweli ameshtaki, na kwamba alitaka kumwambia baada ya mambo kuisha. Alipoulizwa kwa nini, alisema tu, "Nilichoka, mama." Jerusa alikasirika, lakini hasira yenyewe hakujua aipeleke wapi. Mtoto alikuwa amebakisha muhula mmoja amalize. Mtu wa ukoo alikuwa hatarini kupoteza kazi. Na yeye alikuwa na hakika kwamba jambo lile alilishughulikia tangu mwezi wa kwanza, likaisha.

Aron alisikiliza habari yote akiwa ameinama chini ya ng'ombe, akikamua.

"Enda useme ulimkabidhi," alisema. "Si ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi. Yale mengine tutakaa wenyewe nyumbani. Kama kuna msamaha wa kuomba, ataomba mbele ya wazee. Mambo ya ukoo hayapelekwi ofisini."

Aron si mtu mbaya, na sitaki umwone hivyo. Aliogopa tu. Alikuwa na kaka zake, alikuwa na mashamba yanayopakana na ya watu wa ukoo, na alijiuliza nani angekuja kukaa naye siku akifiwa. Pia hakujua habari ya simu ya mwezi wa kwanza, maana Jerusa hakumwambia. Hayo yalikuwa mambo ya wanawake na makoti yao.

Siku ya kikao Velma alimngojea Jerusa kwenye lango la chuo. Alimpokea mkoba, akamuuliza habari za safari, kisha akamwongoza kati ya majengo. Walipokaribia ofisi, alisimama.

"Mama, kuna kitu nataka ujue kabla hujaingia. Winny aliulizwa na kamati kama kuna mtu alimwambia wakati ule, kabla ya kufeli. Akasema hakuna."

"Hakuna? Si aliniambia mimi?"

"Najua. Koti si nililibeba mimi mwenyewe? Nilitaka kusema, akanikataza. Alisema wakijua alikuambia, watauliza wewe ulifanya nini. Hataki uaibike mbele ya watu."

"Niaibike kwa nini? Sikunyamaza. Nilituma koti."

Velma alitazama viatu vyake. Alikuwa mtoto mwenye heshima, akaliruka lile la koti. "Shida ni kwamba kama hakuna aliyeambiwa," alisema, "inabaki neno lake na neno la Daktari. Na Daktari anajua kuongea."

Kabla ya kikao mashahidi wote walipitia kwa Madam Nyambeki, afisa wa chuo anayepokea malalamiko ya aina hiyo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, na ofisi yake ilikuwa na chupa ya chai na kalenda ya kanisa. Alimmiminia Jerusa kikombe kabla ya kusema lolote.

"Mama, sitakuambia useme nini," alianza. "Nataka tu tuelewane maneno, maana kila mtu anayaelewa kivyake. Hata Daktari Kimeli nimemweleza haya haya. Wewe shtaka hili unalielewaje?"

"Wanasema alimsumbua. Lakini mtoto aliniambia kwa mdomo wake hakufanywa kitu."

"Kitu, yaani?"

Jerusa alitazama mikono yake, iliyokuwa myeusi vidoleni kwa utomvu wa chai.

"Hicho unachokifikiria ni uhalifu, na polisi wanaingia," Nyambeki alisema. "Lakini kanuni ya chuo haingoji mpaka pale. Inaanzia mbali huku. Mtu akikuambia maneno ya mapenzi ambayo huyataki, akikuandikia, akikushika, akikuonyesha kwamba alama zako zitategemea vile unavyomkubalia, hapo tayari amekunyanyasa. Hata kama hajaenda mbele zaidi."

"Hata mkono tu?"

"Hata mkono. Sisi tunauliza kama huyu aliutaka. Halafu tunauliza yule mwingine ana nguvu gani juu yake."

"Na kama hakusema hapana?"

"Angeisemaje, mama, na yeye ndiye anasahihisha kazi yake?"

Jerusa alikunywa chai. Ilikuwa tamu kupita kiasi na hakuisikia. Lilikuwapo swali jingine, na kabla ya kuuliza aligeuka kuhakikisha mlango umefungwa.

"Na akicheka? Mtu ameguswa, halafu akacheka?"

"Alicheka kwa nini?"

"Ili karani asikasirike."

Alitaka kusema mwalimu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilikaa pale mezani kati yao. Nyambeki hakuonyesha kushtuka, wala hakumwuliza ni karani gani. Alifungua chupa akamwongezea chai.

"Kucheka si kukubali," alisema. "Hata kwa karani."

Basi Jerusa alikaa na kikombe chake, na kila kitu alichokijua kikaanza kujipanga upya kichwani. Aliwakumbuka wanawake wote wa foleni ile wakicheka. Alimkumbuka jirani yake Dorcus, ambaye siku moja aliusukuma ule mkono, majani yake yakarudishwa, akayamwaga mtaroni huku analia, na wao wote wakamwambia, Dorcus nawe, si ungevaa koti. Walimsema Dorcus. Karani hakuna aliyemsema. Jerusa alishikwa na hasira, kwanza na watu wa ofisi kama hizi waliokuwa na jina la kitu hiki wakati wote na hawakushuka nalo mpaka kituoni. Kisha hasira ikamrudia yeye mwenyewe. Mtoto alimpigia simu, akamweleza yote, na yeye akamfundisha kuvaa. Alimfundisha kuishi nalo. Hilo lilimuuma, akakiweka kikombe chini.

Alipoingia kwenye chumba cha kikao, mtu wa kwanza aliyemwona alikuwa Winny. Alikuwa amekaa kando ya meza ndefu, na ndani ya chumba kile chenye joto, madirisha yamefungwa, alikuwa amevaa koti la baba yake. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa mpaka shingoni. Upande wa pili Kimeli alisimama kwa heshima.

"Shemeji, karibu," alisema.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mpole mwenye miwani, alimwuliza Jerusa kama ni kweli alimkabidhi Winny kwa Daktari Kimeli.

"Ni kweli. Niliweka mkono wa mtoto kwa mkono wake. Nilisema ni baba yake."

Kimeli aliinamisha kichwa. "Ndicho nimekuwa nikieleza," aliiambia kamati kwa sauti ya chini. "Kwetu mambo haya ni tofauti. Baba anaweza kumshika mtoto bila nia mbaya, akamsifu hata mavazi. Vijana wa siku hizi wanachukua kanuni za vitabuni wanatupima nazo."

"Una la kuongeza, mama?" mwenyekiti aliuliza.

"Niko nalo," alisema Jerusa. "Kwetu baba hamwambii binti amependeza halafu akamwambia asiseme nyumbani. Kama ni baba, angetaka mimi nijue."

Mwenyekiti aliandika. Alimshukuru, akamwambia anaweza kutoka. Na hapo kila mtu angeridhika. Kimeli alikuwa amepata neno lake kwamba alikabidhiwa, Winny alikuwa amepata neno la kumtetea, na Jerusa angerudi nyumbani akiwa na heshima yake kwa ukoo na kwa mtoto. Winny alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Nenda, mama. Jerusa aliusukuma mkoba wake chini ya kiti.

"Sijamaliza. Mliuliza kama kuna mtu aliyeambiwa kabla ya mtoto kufeli. Aliniambia mimi."

"Mama, wacha," Winny alisema.

"Siwachi. Ilikuwa mwezi wa kwanza, nikiwa kwa foleni ya majani. Aliniambia yote, mkono, kiuno, kuitwa jioni. Mimi nikamwuliza kama amefanywa kitu, akasema hapana, nikaona basi. Nikamwambia avae koti. Ndio hilo amevaa. Ni la mume wangu, na aliyelileta ni huyo msichana Velma yuko hapo nje, mumwulize."

Mwanamke mmoja wa kamati, ambaye hakuwa amesema lolote tangu mwanzo, aliliangalia lile koti kwa muda.

"Na kwa nini hukuripoti popote, mama?" mwenyekiti aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Sikujua ni kitu cha kuripoti. Nilijua ni kitu cha kuvalia koti."

Jerusa hakuinamisha uso. Kimeli alikuwa ameuficha wake kwa viganja. Alipoviondoa, Jerusa aliona lile paji la uso la ukoo, lile lile la Aron, na alimwonea huruma kweli. Mtu huyu alikuwa amekula nyumbani kwake. Watoto wadogo wa Kimeli walikuwa wakija kuchuma mapera hapo kila likizo.

"Shemeji," Kimeli alisema, "umenimaliza."

"Uliniambia nije niseme ukweli tu," Jerusa alimjibu.

Velma aliitwa, akaeleza habari ya koti na maparachichi na Jumapili ile ya mwezi wa kwanza. Baada ya hapo waliambiwa wangoje uamuzi kwa siku kadhaa, na wote wakatoka kwa milango tofauti.

Winny na mama yake waliketi kwenye ngazi za nyuma ya jengo. Manyunyu yalikuwa yameanza. Jerusa alitoa chapati alizobeba, akampa moja, nyingine akaishika tu.

"Sasa watasema ulijua," Winny alisema.

"Nilijua. Waache waseme." Alikunja chapati, akaikunjua. "Winny, siku ile uliponipigia. Ulitaka nifanye nini?"

Winny alifikiri. "Sikutaka ufanye kitu. Ungefanya nini na uko huko?" Alijifuta pua kwa mkono wa lile koti. "Nilitaka tu ukasirike, mama."

Jerusa alisikia maneno hayo yakimwingia mahali ambapo hata kufiwa na mama yake hakukufika. Alimvuta mtoto, koti na vyote, akamshika.

"Nimekasirika sasa," alisema.

"Nimeona," Winny alisema, akaanza kucheka na kulia pamoja. Kicheko hicho kilikuwa chake mwenyewe.

Nyumbani palikuwa pagumu. Jerusa alimweleza Aron yote, hata simu ya mwezi wa kwanza, hata karani na makoti. Aron alisikiliza mpaka mwisho. "Hilo koti langu," aliuliza, "miaka hii yote ulikuwa unalivaa kwa sababu hiyo?" Jerusa alisema ndiyo. Aron alitoka nje, akakaa kwa ng'ombe muda mrefu kuliko ambavyo kukamua kungehitaji. Hawakuzungumza tena habari hiyo kwa siku nyingi. Watu wawili watatu wa ukoo waliacha kuwaitikia salamu kanisani, na kaka mkubwa wa Aron alituma ujumbe kwamba mwanamke ameanika ukoo. Aron aliyeogopa hivyo hakumjibu kaka yake lolote, lakini jioni hiyo alibeba magunia ya majani mwenyewe mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

Uamuzi ulipotoka, Winny alipiga simu akausoma polepole. Kamati iliona kwamba Daktari Kimeli alimnyanyasa kimapenzi mwanafunzi aliye chini yake. Alisimamishwa kufundisha na kesi yake ikapelekwa kwa baraza la chuo. Utafiti wa Winny ulipewa mwalimu mwingine ausome upya. Hakuna aliyeshangilia. Jerusa alikaa chini pale pale kwenye mistari ya chai, kikapu mgongoni, akashukuru kwa sauti. Aron aliuliza tu mtoto anakuja lini, achinje kuku.

Winny alikuja Ijumaa. Alikuwa amelifua koti na kulipiga pasi, kitu ambacho koti hilo halijawahi kuona tangu litoke mtumbani, na akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, juu ya lile jipya la mama yake.

Kesho yake ilikuwa siku ya kupima. Mvua ilikuwa imepumzika na jua likawaka kuanzia asubuhi. Walichuma pamoja, mama na binti, na ilipofika saa nane Jerusa aliingia ndani kunywa maji. Aliyatazama yale makoti mawili kwenye msumari. Kisha akafunga kitambaa chake kichwani, akatoka akiwa na blauzi yake ya maua, akachukua gunia.

Foleni ilikuwa ndefu, wote wamevaa, majasho yakiwatoka. Walipomwona waligeuka mmoja mmoja. Winny alitaka kusimama nyuma yake wakati zamu yao ilipofika, kama ilivyo kawaida, lakini mama yake alimwashiria abaki kando. Alilibeba gunia peke yake mpaka kwenye ndoano. Karani aliinua macho kutoka kwenye mizani, akamtazama juu mpaka chini. Jerusa naye alimtazama, moja kwa moja, bila kucheka, na aliendelea kumtazama mpaka mkono uliokuwa umeanza kunyooka ukarudi kuokota kalamu.

"Mama Winny," Dorcus alimwita kutoka nyuma kwenye foleni, kwa wasiwasi, "leo koti liko wapi?"

Jerusa alilitundika gunia lake, akanyooka.

"Kwani kunanyesha?" alisema.